Kupunguza aleji nyumbani kwa feni, kiyoyozi na hita: mwongozo kwa wakazi wa Kisumu, Nakuru na magharibi ya Kenya

Feni, kiyoyozi na hita tunavinunua kwa sababu ya joto au baridi, lakini kwa mtu mwenye aleji au pumu kazi yake kubwa ni nyingine. Vifaa hivi ndivyo vinavyoamua hewa ya nyumba inatoka wapi, inapita wapi, na imebeba unyevu kiasi gani. Ukivitumia vizuri, mtoto analala usiku mzima bila kukohoa. Ukivitumia ovyo, unalipia stima ili vumbi lile lile lizunguke chumbani hadi asubuhi.

Maelezo mengi utakayoyapata yameandikiwa nyumba za Ulaya na Marekani, ambako mtambo mmoja unapasha au kupoza nyumba nzima kupitia mabomba yaliyofichwa darini, na kazi ya mwenye nyumba ni kubadilisha chujio tu. Huku kwetu wengi tuna feni moja, wengine hita ya kuwasha mwezi wa saba, na wachache wana kiyoyozi katika chumba kimoja. Isitoshe, ushauri unaomfaa mtu wa Kisumu unaweza kumharibia mtu wa Nakuru. Kisumu iko kando ya ziwa, mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari, na joto lake limechanganyika na unyevu. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800, usiku una baridi, na wakati wa kiangazi vumbi la udongo wake wa volkano linaingia hata ndani ya kabati lililofungwa. Kisumu unapambana kwanza na unyevu. Nakuru unapambana kwanza na vumbi. Ukishika hilo, hatua zote zinazofuata zitakuwa rahisi kuelewa.

Hatua ya 1: Jua kinachokuchokoza

Chanzo kinachosumbua watu wengi bila wao kujua ni utitiri wa vumbi. Ni vidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyoishi ndani ya godoro, mto, blanketi na makochi, vikila magamba ya ngozi yanayotubanduka mwilini. Havinywi maji, bali hufyonza unyevu ulio hewani. Hewa ikikaa chini ya asilimia 50 ya unyevu kwa wiki kadhaa, hukauka na kufa. Kinacholeta chafya hasa ni kinyesi chao, chembe ndogo zinazoruka unapotandika kitanda au unapojigeuza usingizini.

Kuna pia kuvu, ile nyeusi inayoota kwenye pembe za ukuta, nyuma ya kabati la nguo na juu ya dari la bafu. Kuna mende, ambao mate, kinyesi na vipande vya miili yao ni sababu kubwa ya pumu kwa watoto wa mijini. Kuna paka na mbwa. Na kuna vinavyotoka nje: chavua ya nyasi, vumbi la barabara, na kwa watu wa ziwani, wale wadudu wadogo wanaopaa kutoka Ziwa Victoria kwa makundi makubwa. Moshi wa jiko, dawa ya mbu ya kuchoma, na majivu ya miwa inayochomwa upande wa Muhoroni na Chemelil si vyanzo vya aleji, ila vinachubua njia ya hewa na kumfanya mwenye aleji aumie zaidi.

Angalia saa na mahali. Ukipiga chafya mfululizo unapoamka, kisha ukatulia baada ya kutoka nje, shuku kitanda. Kikohozi kikizidi wakati wa mvua ndefu za Machi hadi Mei, tafuta kuvu. Kikizidi jikoni usiku, fungua kabati la chini ya sinki uangalie mende. Na ukienda kulala kwingine kwa siku chache ukapona kabisa, jibu liko ndani ya nyumba yako.

Hatua ya 2: Pima unyevu kabla ya kununua mashine

Nunua kipima unyevu kidogo cha dijitali. Kinauzwa katika maduka ya vifaa vya umeme, ni kidogo kama kiganja, kinatumia betri na kinaonyesha joto na asilimia ya unyevu. Kati ya vifaa vyote vya mwongozo huu, ndicho ningekinunua kwanza.

Vya bei nafuu mara nyingi hukosea kidogo, kwa hiyo kijaribu. Weka kijiko cha chumvi ya jikoni kwenye kifuniko cha chupa, dondoshea matone machache ya maji mpaka chumvi iwe kama mchanga uliolowa, bila kuyeyuka. Weka kifuniko hicho pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki unaoona ndani, ufunge vizuri hewa isitoke, uache usiku kucha. Hewa iliyo juu ya chumvi iliyolowa huwa na unyevu wa asilimia 75. Kipimo kikisoma 70, utakuwa unaongeza 5 kwenye kila utakachosoma. Kikisoma 79, unatoa 4.

Sasa kiweke chumba cha kulala, mbali na dirisha, na usome alfajiri, adhuhuri na usiku kwa wiki nzima. Lengo zuri ni kati ya 40 na 50. Kwa mtu wa Kisumu asiye na kiyoyozi, kubaki chini ya 60 kwa saa nyingi za siku ni ushindi wa kweli, kwa sababu juu ya 60 kuvu hustawi. Nakuru wakati wa kiangazi huenda ukakuta mchana umeshuka sana, na hapo shida yako haitakuwa utitiri sana bali vumbi na pua kukauka.

Kipimo kikiwa juu muda wote, jiulize maji yanatoka wapi. Nguo zinazoanikwa ndani ni jibu la kwanza. Jikoni ni la pili, na hapa watu wengi hushangaa: gesi ya kupikia inapoungua hutoa maji yawe mvuke. Kila kilo moja ya gesi hutoa karibu kilo moja na nusu ya maji. Mtungi wa kilo 6 ukiisha, zaidi ya lita 9 za maji zimeingia kwenye hewa ya nyumba, hata kabla hujahesabu mvuke wa maharagwe yaliyochemka saa mbili bila kifuniko. Kama unaishi chumba kimoja ambacho ndicho jikoni na ndicho kitanda, pika dirisha likiwa wazi, funika sufuria, na chemsha nafaka ngumu nje kwenye varanda ukiweza.

Hatua ya 3: Kitanda kwanza, mashine baadaye

Hakuna feni wala kiyoyozi kitakachotoa utitiri uliojaa ndani ya godoro la miaka kumi. Vesha godoro na mito kava za kitambaa kilichofumwa kwa karibu, zenye zipu, zinazozunguka pande zote. Kwa mwenye bajeti ndogo, kava ya mto ni ya kwanza, maana ndipo pua inapolala.

Fua mashuka, foronya na blanketi kila wiki kwa maji ya nyuzi 60 hivi. Maji baridi na sabuni hutoa uchafu, lakini utitiri mwingi hubaki hai. Kama huna mashine ya kufua yenye maji moto, tumia sufuria. Kumbuka tu kwamba huku kwetu juu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100: Nakuru huchemka karibu nyuzi 94, Kisumu karibu 96. Changanya sufuria tatu za maji yanayochemka na mbili za maji ya mfereji, utapata kama nyuzi 64 au 65, na beseni likishakunywa joto lake utabaki na 60. Loweka kwa nusu saa, beseni likiwa mbali na watoto, kisha ufue kama kawaida. Nguo za sufu na zinazochuja rangi zisiingie humo.

Jua letu ni dawa ya bure. Toa godoro nje saa nne asubuhi, ligeuze saa saba, ulirudishe kabla ya saa kumi alasiri hewa haijaanza kurudisha unyevu. Lipige kwa fimbo huko huko nje, na anayepiga asiwe mwenye aleji.

Zulia zito la chumba cha kulala liondoe kabisa. Sakafu ya simenti au vigae inayopigwa deki ni bora mara nyingi zaidi. Na kama chumba cha kulala ndicho pia ghala la magunia ya mahindi, jambo la kawaida sana kuanzia Bungoma hadi Trans Nzoia, tafuta pembe nyingine ya kuyaweka, juu ya mbao, mbali na ukuta. Vumbi la nafaka lina utitiri wa aina yake na mbegu za kuvu.

Hatua ya 4: Feni itumikie pua, siyo kinyume chake

Feni haipunguzi unyevu wa chumba wala haichuji kitu. Inasogeza hewa. Faida yake ni kukausha jasho lako na kukausha kuta zilizo baridi, hasara yake ni kuamsha kila kilicholala sakafuni.

Feni ya dari angalia makali ya mbele ya panga zake. Hapo vumbi hujishika kwa tabaka nene la kijivu, na feni ikikaa bila kutumika wakati wa mvua kisha ukaiwasha Januari, tabaka lote hilo linaangukia mto. Kuisafisha, zima swichi, panda juu ya ngazi imara, chukua foronya kuukuu iliyoloweshwa kidogo, ingiza panga lote ndani ya foronya mpaka kwenye shina, kisha bana kwa mikono miwili na uvute kuelekea kwako. Vumbi linabaki ndani ya foronya. Ukitumia tambara kavu utakuwa umelitawanya tu. Katika miezi ya vumbi rudia kila wiki mbili. Feni ya kusimama fungua wavu wake wa mbele, uoshe kwa maji na sabuni, ufute panga, na ufute mgongo wa mota, maana huko ndiko inakovuta hewa.

Jambo ninalotamani kila nyumba ilijue ni hili: feni ya kusimama inafanya kazi vizuri zaidi ikitazama nje. Unapofagia, kutandika, au kukung'uta makochi, iweke mbele ya dirisha lililo wazi, uso wake ukielekea nje, na ufungue mlango au dirisha la upande wa pili. Hewa ya chumba inasukumwa nje pamoja na vumbi ulilolitimua, na hewa mpya inaingia nyuma yake. Iache ikiendelea kwa nusu saa baada ya kazi. Usiku, igeuze isikupulize usoni. Ielekeze ukutani ili upepo ukufikie ukiwa umepoa nguvu. Feni ya wati 60 kwa saa nane inakula karibu nusu yuniti ya stima, kwa hiyo gharama si kisingizio.

Usifagie kwa fagio kavu wakati feni inazunguka juu. Zima, piga deki kwa kitambaa kilicholowa, ngoja sakafu ikauke, ndipo uwashe.

Hatua ya 5: Jua saa ya kufungua na saa ya kufunga

Madirisha ndiyo kiyoyozi cha walio wengi, na yana ratiba yake.

Kisumu, unyevu wa hewa huwa juu kabisa alfajiri. Kadiri jua linavyopanda, asilimia inashuka. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, na usiku hugeuka ukavuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Fungua kuanzia saa tatu au nne asubuhi, pande mbili zinazotazamana, upepo upite katikati ya nyumba badala ya kuzunguka mlangoni. Kwa nyumba za Nyalenda, Manyatta au Obunga ambako kuta zimebanana na dirisha ni moja, feni inayotazama nje ndiyo itakayokufanyia kazi ya dirisha la pili. Giza likikaribia, funga au shusha wavu, maana hapo ndipo mbu na wadudu wa ziwani wanapoingia.

Wadudu hao nataka niwaeleze kidogo, kwa sababu watu wa Dunga na Usoma wamewazoea mpaka hawawahesabu tena kama tatizo la kifua. Wakipaa kwa wingi huonekana kwa mbali kama nguzo za moshi juu ya maji. Usiku hufuata taa, hufa chini yake kwa maelfu, na kufikia asubuhi kuna lundo laini la kijivu kwenye kizingiti cha dirisha. Lundo hilo likikauka linakuwa unga, na unga huo huingia mapafuni. Jamaa zao wa mto Nile nchini Sudan wameshaandikwa katika utafiti wa kitabibu kama chanzo cha pumu. Kwa hiyo usilifagie na usilielekezee feni. Lifute kwa tambara lililolowa likiwa bado bichi, ulitupe nje. Usiku wa wadudu wengi zima taa ya varanda, vuta pazia, na zima kabisa feni yoyote inayovuta hewa kutoka nje. Wavu wa kawaida wa mbu huzuia wengi wao, ila walio wadogo sana hupenya.

Nakuru ratiba inageuka. Kuanzia Desemba hadi Machi, kabla mvua haijaanza, upepo wa mchana hunyanyua vumbi, na katika mitaa ya barabara za udongo kila pikipiki inayopita inaongeza lake. Fungua mapema, saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, hewa ikiwa imetulia. Funga adhuhuri na alasiri. Weka tambara lililolowa chini ya mlango upande unaotoka upepo na ulisuuze jioni. Mvua ikianza, fungua zaidi: mvua huosha hewa.

Kakamega, ambako mvua hufika karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na Kericho na Kisii vilevile, kuvu ndiyo taabu kuu. Sogeza kabati na vitanda angalau upana wa kiganja kutoka kuta za nje ili hewa ipite nyuma. Kama paa ni la mabati bila dari, baridi ya usiku hufanya mvuke wa pumzi ugeuke maji kwenye mabati na kudondoka alfajiri, na hapo dari la mbao laini au hata la turubai linasaidia kuliko dawa yoyote ya kuua kuvu.

Na yale matundu ya hewa ya juu ya dirisha yasizibwe kwa magazeti. Najua yanaleta baridi na mbu. Yafunike kwa wavu mwembamba wa waya, lakini yaache yapumue.

Hatua ya 6: Kiyoyozi, kama unacho

Kiyoyozi cha ukutani ndicho kifaa pekee kati ya hivi kinachoondoa unyevu hewani. Hewa ya chumba inapita kwenye koili baridi, yaani mabomba membamba yaliyokunjwa ndani yake, unyevu unageuka maji hapo na kutoka nje kwa bomba dogo. Kwa Kisumu hiyo ni faida kubwa kuliko ubaridi wenyewe. Kwenye rimoti tafuta alama ya tone la maji, hali ya kukausha, uitumie saa moja au mbili kabla ya kulala. Hali ya kawaida iweke kwenye nyuzi 24 hadi 26. Usishushe hadi 16, maana mwenye pumu anaweza kubanwa na hewa baridi.

Usidanganywe kununua kikubwa kuliko chumba. Kiyoyozi kikubwa kinapoza haraka, kinajizima, na hakipati muda wa kutoa unyevu, kwa hiyo unabaki na chumba baridi chenye maji. Cha BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) kinatosha chumba cha kulala cha kawaida chenye dari. Chumba cha mabati kisicho na dari, usipoteze hela hapo kabla ya kuweka dari.

Chujio lake ni ule wavu wa plastiki nyuma ya kifuniko cha mbele. Linazuia nyuzi na vumbi kubwa, si chembe ndogo za aleji, lakini likiziba, koili inaweza kushika barafu na kuchafuka. Lichomoe, lioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, ulianike kivulini maana jua kali hulipinda, ulirudishe likiwa limekauka kabisa. Kila wiki mbili katika msimu wa vumbi, kila mwezi nyakati nyingine.

Kisha piga tochi ndani ya tundu linalotoa hewa. Ndani kuna gurudumu refu lenye vipande vyembamba. Ukiona madoadoa meusi, hiyo ni kuvu, na kila unapowasha inakupulizia mbegu zake usoni. Dalili nyingine ni harufu ya nguo zilizovunda dakika za kwanza. Hapo ita fundi afungue aoshe gurudumu, koili, sinia la maji na bomba la kutolea maji. Mwambie hivyo kwa kutaja kila kimoja. Mafundi wengine hupulizia chujio hewa, wanaongeza gesi ambayo haikuwa imepungua, na kuondoka. Ili kuvu isirudi, kabla ya kuzima kiyoyozi kiache kwenye hali ya feni tu kwa dakika 15 au 20, koili ikauke. Tena kumbuka kiyoyozi cha aina hii hakileti hewa ya nje. Fungua dirisha kila siku kwa muda.

Neno kuhusu zile feni za maji, zenye tangi la kujaza maji na barafu, zinazouzwa kwa bei ndogo kama mbadala wa kiyoyozi. Zinapoza kwa kugeuza maji kuwa mvuke hewani, maana yake zinaongeza unyevu. Kisumu, Busia na Homa Bay hazifai kabisa kwa mtu mwenye aleji ya utitiri au kuvu: zinapoza kidogo sana kwa sababu hewa tayari ina maji, na zinakuachia chumba kinachofaa vidudu. Maji yakikaa tangini siku kadhaa nayo yanaota utelezi. Kwenye ukavu wa kiangazi cha Nakuru zinaweza kusaidia, mradi tangi lioshwe na kukaushwa mara kwa mara na kipimo kisipite 50.

Hatua ya 7: Kupasha nyumba joto bila kudhuru kifua

Nakuru, Molo, Eldoret na Kericho kuna miezi ambayo bila joto mtu halali. Lililo muhimu kuliko aleji zote: jiko la makaa lisilale ndani na watu. Wengi huamini kwamba makaa yakishaiva na moshi ukaisha, hatari imeisha. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo hayo hayo yanayotoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua familia nzima usingizini. Liondoe jiko nje kabla ya kufunga mlango, kila usiku, hata kama ni la watoto kuota moto kidogo tu.

Ukitumia hita ya umeme, ile ya mafuta yenye mapezi ndiyo ninayoipendekeza kwa mwenye aleji, kwa sababu haipulizi hewa. Hita yenye feni inapasha haraka lakini inatimua vumbi la sakafuni. Kabla ya kuiwasha kwa mara ya kwanza msimu wa baridi, ichomoe, pitisha tambara lililolowa katikati ya kila pezi, iache ikauke, kisha iwashe nusu saa madirisha yakiwa wazi ili vumbi lililobaki liungue na harufu itoke. Ichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, si kwenye ekstensheni nyembamba.

Joto lina faida ambayo wengi hawaijui. Hewa ya nyuzi 12 yenye unyevu wa asilimia 90, kama ile ya usiku wa Julai Nakuru, ukiipasha mpaka nyuzi 22 bila kuongeza maji inashuka hadi karibu asilimia 48, kiwango ambacho utitiri hauwezi kustawi. Ila faida hiyo inapotea ukianika nguo mbele ya hita au ukiacha birika likichemka. Kioo cha dirisha kikiwa na matone asubuhi, ujue unyevu umezidi. Futa matone hayo kwa kitambaa, na uache pengo dogo la dirisha.

Hita ya wati 2,000 inakula yuniti mbili kwa saa, kwa hiyo pasha chumba kimoja tu, saa moja kabla ya kulala, mlango ukiwa umefungwa, kisha uzime na utegemee blanketi lililofuliwa.

Hatua ya 8: Mashine za kusafisha hewa

Zile zenye chujio la HEPA ni nzuri, chujio hilo hunasa asilimia 99.97 ya chembe za ukubwa wa maikroni 0.3 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Lakini chembe za utitiri ni nzito na hutua chini haraka kabla mashine haijazivuta. Manufaa yake yako zaidi kwa moshi, vumbi laini na aleji ya paka, ambayo huelea hewani kwa saa nyingi. Kama pesa ni kidogo, kava za godoro na mto zitangulie. Ukinunua, iweke chumba cha kulala, funga dirisha ikiwa inafanya kazi, na uulize kwanza kama machujio yake ya kubadilisha yanapatikana hapa nchini. Zinazojisifu kutoa ozoni ziache dukani. Ozoni inachoma njia ya hewa.

Hatua ya 9: Wakati nyumba pekee haitoshi

Kazi hii huchukua wiki kadhaa kuonyesha matunda, kwa sababu hata utitiri ukifa, kinyesi chake hubaki mpaka kifuliwe na kufutwa. Usisimamishe dawa uliyopewa hospitali kwa sababu umenunua feni.

Ukijikuta unatumia dawa ya kuvuta ya kutuliza zaidi ya mara mbili kwa wiki, au unaamka usiku kwa kifua kubana, rudi kliniki, maana huenda unahitaji dawa ya kuvuta ya kila siku ya kuzuia. Mtoto akipumua kwa mlio wa mluzi, mbavu zikivutika ndani, akishindwa kumaliza sentensi au kunyonya, au midomo ikibadilika rangi, mpeleke kitengo cha dharura saa hiyo hiyo, iwe ni usiku wa manane. Unapoenda kwa miadi ya kawaida, beba karatasi yenye vipimo vyako vya unyevu, saa ambazo kikohozi huanza, na chumba ambamo hutokea. Daktari akiwa na karatasi hiyo ataweza kuamua kama kuna haja ya vipimo vya aleji vya ngozi au vya damu, na ni vya nini.